Muziki Usio na Meza Kuu

Kila asubuhi mjini Saltpond, pwani ya Ghana, Mzee Kuuku Amissah humwamsha mkewe, Araba. Humnawisha uso, humvalisha, humnywesha uji wa mahindi kijiko kwa kijiko. Araba anaugua ugonjwa wa kusahau. Huu ni mwaka wa tatu.

Mzee Kuuku alikuwa mkaguzi wa shule miaka thelathini na moja. Alipostaafu, alijitolea katika kikundi cha Faraja, kinachowapelekea muziki wazee wagonjwa. Yeye aliandaa shughuli. Hakulipwa, wala hakudai. Araba alikuwa mwimbaji hodari kanisani, na mzee alijiambia, "Huenda muziki ukamrudisha mke wangu."

Shughuli ya kwanza aliiandaa kwa heshima zote. Palikuwa na turubai, ratiba zilizochapishwa, na meza kuu yenye kitambaa cheupe. Palikuwa na bendi ya tarumbeta na spika ndefu kama milango. Na mwenyekiti wa shughuli, bila shaka! Bila mwenyekiti, pale Saltpond watu watasema umewaita gengeni. Mwenyekiti alikuja na hotuba mbili, akazisoma zote. Wagonjwa tisa walikaa nyuma katika joto, saa moja na nusu. Ndipo bendi ikapiga.

Araba aliruka. Akaziba masikio, akapiga kelele, "Moto! Nyumba inaungua!" Akajikojolea mbele za watu. Mumewe alipomshika mkono, Araba alimchapa kofi. "Niache! Wewe nani?"

Tangu siku hiyo Araba hakutoka chumbani. Chakula alikigusa tu. Mzee Kuuku akimsogelea, alijikunyata ukutani. Zikapita wiki mbili. Mzee aliyewatetemesha walimu wakuu akakaa jikoni, akalia.

Sista Mensima, muuguzi wa mtaa, alimkuta hivyo alipokuja kumpima Araba presha.

"Naacha kazi ya Faraja, Sista," mzee alisema. "Nimemharibu mke wangu kwa mikono yangu."

"Umekosea, Baba, sikufichi. Lakini ukiacha, ndiyo atatoka chumbani? Hebu niambie, shughuli ile ilikuwa ya nani?"

"Ya wagonjwa!"

"Mbele alikaa nani?"

Mzee akainamisha kichwa. "Meza kuu."

"Na zile ratiba za Kiingereza, Mama Araba anasoma?"

"Hata alipokuwa mzima hakusoma. Aliimba na kina mama wa viti vya nyuma, wale wasioshika kitabu. Mmoja anaanzisha kwa Kifante, lugha yetu, wenzake wanaitikia."

"Ee, Baba! Unayajua yote hayo, halafu ukamletea tarumbeta?"

Sista Mensima akavuta kigoda, akaketi. "Sikiliza. Ubongo unaougua hivi hauwezi kuchuja kelele. Sauti kubwa kwake ni hatari imekuja. Fanya asubuhi, akiwa ameshakula na hajachoka. Watu wachache, nusu saa inatosha. Uliza familia kila mgonjwa alipenda nyimbo gani ujanani. Mkiimba, mtazameni usoni. Akikunja uso, punguzeni sauti au nyamazeni."

"Halafu atapona?"

"Hapana, Baba. Wimbo hauponyi ugonjwa huu. Tunamtafutia muda wa amani."

Neno hilo lilimchoma mzee. Kisha akachukua daftari lake.

Alipita kwa familia zote tisa, akauliza, akaandika. Nyumba moja wakamtania, "Mkaguzi, leo unatukagua koo?" Yule mwenyekiti naye akamsimamisha njiani.

"Bila mwenyekiti, shughuli ataifungua nani?"

"Hatufungui kitu, Mzee mwenzangu. Karibu, lakini utakaa kigodani kama sisi."

"Mambo gani haya!" Mwenyekiti akaenda zake.

Kwa kuwa Araba hakutoka, walianzia sebuleni kwake. Mlango wa chumba waliuacha wazi. Walikuja kina mama watatu tu wa kanisani, bila ngoma wala tarumbeta. Mama Bentsiwa, rafiki wa Araba tangu usichana, akaanzisha wimbo kwa sauti ya chini.

Wimbo wa kwanza ukaisha. Chumbani kimya. Wa pili, kimya vilevile. Katika wimbo wa tatu Mama Bentsiwa alianzisha, kisha akawafanyia wenzake ishara wasiitikie. Wakangoja.

Sauti kavu ikaitikia kutoka chumbani.

Mama Bentsiwa akaanzisha tena. Sauti ikaitikia tena, na safari hii ilikuwa karibu. Araba alisimama mlangoni, kanga yake imefungwa upande. Akaja taratibu, akaketi penye nafasi, nayo ilikuwa kando ya mumewe. Akaimba kila kiitikio bila kukosea neno.

Siku hizi Faraja huenda nyumba kwa nyumba kila Jumatano, na Mzee Kuuku huuliza kwanza ndipo apange. Araba sasa hutoka chumbani na hula mezani. Hajapona. Lakini asubuhi ile ya kwanza sebuleni, mzee alipokuwa akibubujikwa na machozi, Araba alimgeukia, akamfuta shavu kwa kiganja chake.

"Wewe baba wa watu," akasema, "usilie peke yako. Itikia na sisi."