Tangi la Gaetano Lenye Baraka

"Kambale, hapa Nyumbani. Boti ikifika kwenye kona ya mto, wanajeshi wanaizamisha. Thibitisha mzigo. Ova."

"Nimekupata."

Jedidah, jina la kazi Kambale, akaificha redio chini ya nyanya. Majasusi wengine hubeba mikoba ya ngozi. Huyu wa Nairobi alibeba kikapu cha nyanya na bastola ya Glock, na mpaka leo Glock haijaua ila nyanya.

Pale mtoni, mtaa wa Juba Na Bari, Sudan Kusini, boti ya Gaetano ilikuwa ikitiwa dizeli. Gaetano, Mganda mwenye tumbo la heshima, alikuwa amekodiwa na mfanyabiashara Cyrus kupeleka unga mji wa Bor. Nchi ilikuwa haijamaliza kushangilia uhuru, tayari inajipiga risasi. Risasi hizo Cyrus ndiye aliyezileta. Alizificha wapi? Hapo Nyumbani, wakubwa wa Jedidah kule Nairobi, walikuwa gizani.

Jedidah alikuwa na kidude alichokiunda mwenyewe. Vipande viwili vya karatasi ya fedha, ile ya kufungia kuku, kavibandika nje ya tangi la plastiki. Hakutoboa hata tundu. Dizeli ikipanda ndani, taa zinawaka moja moja kwenye simu yake ya Samsung. Alimdanganya Gaetano kuwa ni zawadi ya kumnasia wezi wa mafuta. Proscovia, mkewe, akampikia matoke kwa shukrani. Jedidah akala, akaongezewa, akala. Kila tonge lilishuka likimsuta.

Akapiga simu.

"Gaetano, tangi vipi?"

"Tangi khalas, dada!"

Khalas. Imekwisha. Mkenya akisikia hivyo, anajua dizeli hakuna.

"Nyumbani, tangi tupu. Boti haiendi."

Kisha akaitazama simu. Taa zote zimewaka.

Lo! Kilichokwisha ni kujaza!

Akapiga tena. "Umetia madumu mangapi?"

"Matatu tu! Hii tangi Cyrus alinipa iko na baraka."

Tangi la kumeza madumu ishirini, limeshiba kwa matatu. Tumboni mna nini kingine?

"Nyumbani, risasi zimo ndani ya tangi. Mwenye boti hajui kitu. Mpeni nafasi ashuke."

"Hapana. Kaa kimya. Ova."

Injini ya Yamaha ikanguruma. Gaetano kwenye usukani, Cyrus kando yake. Jedidah akampigia Gaetano mara ya tatu.

"Gaetano! Kidude kinaonyesha madumu yalitoka stoo yakiwa pungufu, unaibiwa! Rudi stoo!"

"Nani anaiba? Sema jina, dada!"

Jina. Stoo yake ya dizeli ilikuwa na mlinzi mmoja tu.

"Kisakye."

Shemeji yake. Kaka wa Proscovia, toka nitoke.

Gaetano akajitupa majini na matusi yake yote, akaogelea ufukweni. Cyrus, mwenye haraka zake, akashika usukani mwenyewe.

Konani, mlipuko mmoja. Kisha moshi.

"Kambale, kazi safi. Ova."

Gaetano alimkuta Jedidah barabarani, maji yakimchuruzika. "Kidude yako iliokoa mimi! Na ule mwizi nimefukuza. Alilia, akaapa kwa Mungu. Mwizi iko na machozi mingi, dada!"

Kumtetea Kisakye kungemlazimu Jedidah kueleza kidude, tangi, Nyumbani.  

Akaenda zake taratibu, mabega juu. Kwenye steji ya bodaboda alikuwa amekaa mtu juu ya mfuko wa nguo. Kisakye akasimama kwa heshima.

"Dada, wewe najua mambo ya tangi. Ambia Gaetano mimi hapana mwizi."

"Nitamwambia," akasema Jedidah, akapanda pikipiki.

"Wapi, mama?"

"Uwanja wa ndege."