Gauni la Amne

Nilikuwa nimechoka, jamani. Miguu imevimba kwa kukanyaga cherehani siku tatu, na harusi ya mwanangu Munira ni kesho yake. Gauni la kukodi alilikataa katakata. Alitaka la kizamani, mikono ya marinda, maua ya kitambaa yaliyokunjwa kwa mkono kifuani. Nililikata kwa karatasi za kaki alizoniachia marehemu Bibi Mwanaidi, aliyenifundisha ufundi. Kila karatasi aliiandika jina la mwenye vipimo. Hizi ziliandikwa: Amne.

Yalibaki maua matatu, sindano ya mkono ikavunjika. Nikajikokota hadi dukani kwa mzee Fidahussein. Nafika mlangoni, adhana ya magharibi inaita.

"Shikamoo mzee. Sindano moja tu."

"Marahaba. Ah, Mama Munira! Kile kitu jua likizama hakiuzwi, hata hakitajwi. Njoo asubuhi."

"Asubuhi bibi harusi anavaa, mzee!"

Akafunga mlango.

Barazani alisimama msichana nisiyemjua. Alinuka karafuu maiti... Akachomoa sindano kwenye ukosi wa nguo yake.

"Chukua, mama," alinong'ona. "Ila likiisha, mimi ndiye nitakayelijaribu kwanza."

Aliyechoka hana maswali. Nikasema, "Haya, mwanangu."

Sindano ilikuwa ya baridi. Nikashona ua moja. La pili... usingizi ukanibeba.

Nilipoamka kumekucha. Maua yote matatu yameshonwa, tena vizuri kunishinda.

Sindano haipo.

Nikaigeuza karatasi ya kaki. Nyuma, mwandiko wa Bibi Mwanaidi: "Hakuja kulichukua. Wamemzika Ijumaa."

Lahaula! Ningefanyaje? Muda wa kushona jingine sikuwa nao, wala nguvu. Nikapiga Bismillahi, nikamvalisha mwanangu. Mungu anisamehe.

"Mama, mbona lina joto?" Munira akauliza. "Kama mtu kalivua sasa hivi."

Nikamwambia ni pasi.

Harusi ikapita salama. Munira akaenda kwa mumewe Makuyuni. Mtoto yule hajui hata kutia uzi kwenye sindano, nilimdekeza mwenyewe. Juzi nikaenda kumsalimia. Tukaongea, tukacheka, moyo wangu ukatulia.

Adhana ya magharibi ikaita.

Munira akaanza kupapasa ukosi wa nguo yake, polepole, kwa vidole viwili.

"Unatafuta nini, Munira?"

Kimya.

"Munira!"

Hakugeuka... Na ile harufu.

Mimi ni mzazi, ilinibidi nijue. Nikaita taratibu, "Amne?"

"Abee, mama."