Rimoti ya Mzee Mwishehe

Mzee Mwishehe alikutwa amekaa chini, mgongo kwenye tairi la nyuma la gari lake, kofia imemwangukia mapajani. Kwa mbali ungedhani anapumzika baada ya kuliosha. Lakini mkono wake wa kulia ulikuwa umeikamata rimoti ya gari kwa nguvu ambazo mtu anayepumzika hana haja nazo, na ilibidi Koplo Gervas avikunjue vidole kimoja kimoja.

Ilikuwa Jumatatu, saa tatu asubuhi, huko Madale, nyumba ya mwisho kabla barabara haijaanza kuteremka. Inspekta Yuliana Mapunda alilizunguka gari mara mbili. Gari dogo, rangi ya fedha, linang'aa. Milango yote minne imefungwa. Kwenye kioo kidogo kabisa, kile cha pembeni nyuma, kulikuwa na alama nyeupe isiyozidi punje ya chumvi. Chini yake lilikuwapo jiwe.

"Wezi hao, afande," alisema Gervas. "Wamekuja kuvunja, mzee kawasikia, katoka, wakampiga."

"Wamempiga wapi?"

Gervas aliinama. Akatazama kichwa, shingo, kifua. Hakuona jeraha.

"Na simu wakamwachia?" Yuliana aliitoa kwenye mfuko wa kanzu. "Wezi wa Madale wana huruma siku hizi."

Hakuwa akicheka. Katika miaka kumi na tisa ya upelelezi alikuwa amejifunza kwamba maiti isiyo na jeraha humchosha askari kuliko yenye kisu mgongoni.

Simu ilikuwa kitochi cha zamani, hakina namba ya siri. Yuliana alitazama simu zilizopigwa. Saa kumi na mbili na dakika arobaini na moja, asubuhi ile ile. Arobaini na tatu. Arobaini na nne. Zote tatu kwa mtu mmoja aliyeandikwa "Mwanangu Nusaiba". Hakuna iliyopokelewa.

Kisha akaibonyeza rimoti. Kimya. Akaigeuza, na hapo akaona jambo dogo: nyuma yake kilikuwapo kikufuli kidogo kilichovutwa, na pembeni kitundu chembamba, kitupu. Mzee alikuwa akitafuta kitu humo ndani. Yuliana aliifunga rimoti kwenye mfuko wa vielelezo.

Aliyemkuta marehemu alikuwa jirani wa ukuta mmoja, Bi Tabu, mjane wa makamo ya mama yake Yuliana. Alikuwa amekaa kwenye kibao mbele ya mlango wake, kanga kaivuta hadi machoni.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba, mwanangu."

"Ulimwona saa ngapi?"

"Saa moja na nusu. Tangu alfajiri nilikuwa nachoma majani uani, na moshi wote ukamwendea yeye. Nikasema niende nikamtake radhi, maana ana pumu yule." Akajifuta macho kwa kanga. "Ningejua, mwanangu, ningeyaacha yaoze."

"Dawa yake anaweka wapi?"

"Ile pampu ya kuvuta? Kwenye gari. Ya chumbani iliisha wiki iliyopita, akasema hii moja inamtosha, kwani pumu humshika njiani kwenye vumbi, nyumbani haimjui."

Yuliana alirudi kwenye gari, akaweka kiganja juu ya jicho na kuchungulia. Ilikuwapo, ya buluu, imelala kati ya viti viwili vya mbele. Kati ya mzee na uhai wake palikuwa na kioo tu. Na hata katika hali ile, mtu anakata roho, alichagua kupiga kile kioo kidogo cha bei nafuu. Dereva hulihurumia gari lake mpaka mwisho.

"Alikuwa na ugomvi na mtu?" aliuliza aliporudi.

"Mzee Mwishehe? Hata na paka. Mtaa mzima tulikuwa tunamkimbia, lakini si kwa ugomvi. Tulimkimbia akiwa kwenye usukani." Bi Tabu alionyesha ukuta wake uliomomonyoka pembeni. "Kaugonga mara mbili huu. Macho hayaoni. Mara zote mbili nikamwambia, mzee, usijali, ukuta wenyewe ulikuwa mbovu."

"Hamkumwambia aache kuendesha?"

"Nani amwambie? Mtu kaendesha malori miaka thelathini, umwambie leo hajui njia? Mwenyewe alikuwa anajua. Ijumaa alikaa hapo ulipo wewe, akaniambia, 'Bi Tabu, macho yangu haya yamekwisha. Siku Nusaiba atakayonitamkia baba basi, siku hiyo hiyo ninaweka ufunguo chini. Lakini mtoto hanitamkii.'"

"Ukamfikishia Nusaiba?"

"Ya baba na mwanawe hayo. Mie niyaingilie vipi?"

Yuliana aliyaandika maneno yale kwenye daftari kama alivyoandika mengine yote, kwa mwandiko ule ule.

"Na hii rimoti? Ilianza lini kugoma?"

"Wiki iliyopita. Batani ililika. Jumamosi akalifunga gari kwa taabu, Nusaiba akaichukua rimoti kumpelekea fundi wa huko kwake Mabibo. Jana jioni kairudisha. Mzee alifurahi, akasema kesho nitalitoa."

Saa sita mchana daktari wa hospitali ya wilaya alimaliza uchunguzi wa maiti. Alizungumza huku akinawa mikono.

"Pumu. Hakuna kipigo, hakuna sumu."

"Angeipata dawa yake?"

"Angekuwa nyumbani kwake sasa hivi anakula ubwabwa."

Ndugu walipewa maiti yao wakaenda kuiandaa kwa maziko. Gervas naye alishaandika juu ya jalada maneno "kifo cha kawaida", akabakiza kupiga mstari.

"Usipige," alisema Yuliana. "Rimoti imetoka kwa fundi jana. Twende Mabibo."

Fundi Leonardi alikuwa na meza yake ukutani, hatua chache kutoka kwenye malori yanayoshusha ndizi sokoni. Rimoti za kila aina zilining'inia juu ya kichwa chake. Alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, mtaratibu, lenzi jichoni.

"Unaitambua hii?"

Aliitazama mara moja tu. "Kazi yangu. Batani nimebadilisha mie, Jumamosi."

"Ikawaje?"

"Ikapona."

"Bonyeza."

Hakubonyeza. Yuliana aliona mikono ya fundi ikirudi nyuma polepole.

"Fungua basi."

Leonardi aliipasua kwa ukucha, akatoa betri, akaigusisha kwenye mita. "Betri imekufa," alisema, sauti ikiwa chini.

"Uliiweka wewe?"

Leonardi aliilaza betri mezani.

"Fundi, mwenye rimoti hii amefariki leo asubuhi, ameishika hivyo hivyo. Dawa yake ilikuwa ndani ya gari."

Bisibisi ilimtoka Leonardi mkononi ikabingirika hadi chini ya meza. Hakuifuata.

"Hiki kitundu ni cha nini?"

"Kinakaa kiufunguo cha chuma. Rimoti ikigoma unakichomoa, unafungua mlango kwa mkono. Madereva wa zamani wote wanakijua."

"Kiko wapi?"

"Alichukua dada. Yule binti yake."

"Kwa nini?"

"Afande, mie kazi yangu ni kutengeneza. Naapa, niliitengeneza ikawa freshi kabisa, nikamwonyesha taa inawaka. Badala ya kufurahi akaanza kulia. Akaniambia, 'Fundi, iharibu tena.' Nikadhani utani. Akasema baba yake nusura aue watoto wa shule, na hakuna wa kumwambia. Nikamwambia, sista, hata nikitia betri mbovu, kuna kiufunguo humu ndani. Akanyoosha kiganja, akasema, 'Nipe na hicho.'" Alijifuta uso kwa kiwiko. "Mie nina baba Masasi. Nilimwelewa."

Gervas alishagusa pingu. Yuliana alimtikisia kichwa.

"Utakuja kituoni kuandika maelezo, fundi. Kwa miguu yako."

Njiani kurudi Madale Yuliana alimfikiria mama yake, Songea, ambaye kila masika huwaambia watoto kwamba nyumba yake haivuji, na watoto wote saba hujibu kwamba kweli haivuji, huku maji yakiwadondokea kwenye sahani. Mkubwa hakosolewi. Ndivyo walivyolelewa, na hakuona kama walilelewa vibaya. Lakini leo heshima ile ilikuwa imemfikisha mahali asipopapenda.

Jeneza lilitoka baada ya sala ya alasiri. Yuliana alisubiri ng'ambo ya barabara hadi wanaume wa mwisho wakapotea kwenye kona ya makaburini, ndipo akaingia uani, akavua viatu, akainama kwenye mkeka penye wanawake.

Nusaiba alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na tatu, muuza nyanya wa jumla sokoni Mabibo, mtu mwenye sauti kwa kawaida. Sasa hakuwa nayo.

"Shikamoo."

"Marahaba. Pole sana kwa msiba."

"Tumeshapoa." Alimtazama usoni, akainuka mwenyewe. "Najua ulichofuata. Twende chumbani kwa baba."

Yuliana alimpa onyo la kisheria kama inavyotakiwa: kwamba halazimiki kusema, na kwamba atakalosema linaweza kuwa ushahidi. Nusaiba aliitikia kwa kichwa. Kisha akafungua fundo kwenye pindo la kanga yake, akaweka juu ya kitanda kiufunguo chembamba cha chuma.

"Nimezunguka nacho tangu Jumamosi."

"Kwa nini ulifanya hivi?"

"Mwezi uliopita nilikuwa kwenye gari. Tunateremka mlima. Watoto wawili wa shule wamesimama kando, na sare zao, wala hawakuwa barabarani. Baba hakuwaona. Nilivuta usukani mie. Tuliposimama akacheka, akasema, 'Watoto wa siku hizi wanarukia magari.'" Alikaa ukingoni mwa kitanda. "Nikawaendea ami zangu. Wakasema, kaka mkubwa yule, tutaanzia wapi? Nikamwendea imamu, akasema atatafuta wakati mzuri. Kila mtu anatafuta wakati mzuri."

"Na wewe?"

"Mie ni mwanawe. Mara tatu nilikuja hapa nimejipanga njiani, kila neno ninalo. Nikifika nampa shikamoo, na maneno yote yanaisha."

"Hukujua dawa imo kwenye gari?"

"Nilijua ana mbili. Hakuniambia kama ya chumbani imekwisha." Akakitazama kiufunguo kitandani. "Hakutaka nihangaike."

Yuliana alivuta pumzi. Swali lililobaki hakulitaka, lakini lilikuwa lake kuuliza.

"Alikupigia mara tatu asubuhi hii."

"Niliziona."

"Ulikuwa wapi?"

"Kwenye genge langu. Simu ilikuwa mkononi, inaita, naitazama. Nilidhani ananipigia kunishtakia rimoti. Ningepokea, ingebidi niseme, 'Baba, fundi kasema haiponi.' Na mie sijawahi kumdanganya baba yangu kwa mdomo." Aliziba uso. "Nikaona bora iite tu. Nikaona nikikaa kimya sitakuwa nimemkosea."

Alilia bila kujizuia, na Yuliana, ambaye kanuni zinamkataza kumgusa mtuhumiwa pasipo sababu, alimshika bega. Kutoka nje zilisikika sauti za wanaume wanaorudi makaburini. Walikuwa wanavua viatu mlangoni.

"Nitafungwa?"

"Sijui. Jalada litakwenda kwa mwendesha mashtaka. Nitaandika yote uliyosema, na yote aliyosema fundi."

"Sawa." Nusaiba alijifuta machozi kwa pindo lile lile lililokuwa limefungiwa ufunguo. Akainua macho. "Afande, wewe umezungumza na watu. Umemjua baba kidogo. Unadhani ningemwambia, nimwambie tu, baba basi, angenisikia?"

Daftari lilikuwa mkononi mwa Yuliana. Maneno ya Bi Tabu yalikuwa ukurasa wa pili, mstari wa nane. Siku moja yangesomwa mbele ya watu, na yeye hakuwa na uwezo wa kuyafuta.

"Hapana," alisema Yuliana. "Wazee wa namna ile hawasikii."

Nusaiba alishusha pumzi ndefu, akatikisa kichwa kukubali. Yuliana aliokota kiufunguo kitandani, akakitia kwenye mfuko wa vielelezo, akauandikia namba.