Mama Pacha na Simu ya Mdogo Wake

Kila asubuhi Mama Pacha alifungua kibanda chake kabla ya majirani wote. Alipangusa vumbi kwenye cherehani. Alitundika mapazia, marefu nyuma na mafupi mbele. Kisha akapanga foronya juu ya meza. Kazi yake ilikuwa safi. Hata ungegeuza pazia lake upande wa ndani, usingeona uzi unaoning'inia.

Ng'ambo ya ujia wa soko, hatua sita tu, kilikuwa kibanda cha mdogo wake. Huyu alikuwa mtoto wa mwisho kwao, kwa hiyo watu walimwita Kitinda. Naye alishona mapazia na foronya. Nani alimfundisha? Mama Pacha. Nani alimshika mkono alipokuwa akishona pindo lake la kwanza? Mama Pacha huyo huyo.

Kwa miaka miwili walifanya kazi hivyo, wakitaniana na kuazimana mikasi. Mwaka wa tatu mambo yakageuka.

Mteja alikuja kwa Mama Pacha. Alishika pazia, akalisifu, akauliza bei. Wakapatana. Kisha mteja akatoa kadi ya benki.

"Unapokea kadi?"

"Hapana, mwanangu. Pesa taslimu tu."

"Aa, basi. Sikubeba pesa. Nitarudi."

Hakurudi. Alivuka ujia. Muda si mrefu akagusisha kadi kwenye simu ya Kitinda, nayo ikalia, ti! Mteja akaondoka na pazia la Kitinda kwapani.

Mara ya kwanza Mama Pacha alisema ni bahati. Mara ya tano roho ilianza kumuuma. Mara ya kumi alikuwa haangalii tena kazi yake. Aliangalia ng'ambo. Aliwajua wateja wa mdogo wake kuliko wateja wake mwenyewe: nani kaja, kavaa nini, katoka na mfuko mkubwa au mdogo. Simu ikilia ti!, sindano inamchoma kidole.

Jioni moja nyumbani alikuwa akiosha vyombo kwa kelele nyingi. Mume wake, fundi rangi, alikuwa akisugua rangi mikononi.

"Sufuria imekukosea nini?" mume akauliza.

"Mdogo wangu ananinyang'anya wateja."

"Anawavuta mkono?"

"Usinitanie, Baba Pacha. Ana kitu katika ile simu yake."

"Si umuulize? Kuuliza si ujinga."

"Nimuulize mimi? Yule niliyemfundisha kutunga uzi kwenye sindano? Afadhali nife njaa."

"Ukifa njaa wewe, sisi watatu atatupikia nani?" mume alisema. Lakini Mama Pacha hakucheka.

Jumatano moja, saa nne asubuhi, mama mmoja mwenye miwani alisimama mbele ya kibanda cha Mama Pacha.

"Habari za kazi? Mimi nina nyumba ya wageni. Vyumba kumi na viwili. Nataka mapazia mapya vyumba vyote. Nimeelekezwa hapa na..."

"Karibu mama, karibu sana!" Mama Pacha alimkatiza. Vyumba kumi na viwili! Alimvutia kiti. Alimtolea vitambaa, vizito na vyepesi. Yule mama alichagua kimoja cha rangi ya majani makavu.

"Malipo ya mwanzo nitatoa leo," alisema, akifungua mkoba. "Ila nalipa kwa kadi. Sipendi kutembea na pesa nyingi."

Mama Pacha alishusha kitambaa. "Hapa sipokei kadi, mama."

"Hakuna neno. Nitalipia pale kwa yule binti." Akamwonyesha Kitinda kwa kidole.

Hapo wivu ukawaka kama moto wa mabua. Na ulimi hauna mfupa. Mama Pacha alimsogelea yule mama, akanong'ona.

"Mama, nakuonea huruma tu. Ile simu inanyonya kadi za watu. Ukiigusisha leo, kesho akaunti yako tupu. Namjua yule. Ni mdogo wangu."

Yule mama alimtazama. Akatazama ng'ambo. Kisha akarudisha kadi kwenye mkoba na kufunga zipu.

"Asante kwa kunionya," alisema. Akaenda zake. Hakununua huku wala kule.

Mama Pacha aliona raha. Raha ile ilidumu mpaka saa sita.

Saa sita Kitinda alivuka ujia, kipimo cha fundi kikiwa shingoni.

"Dada, yule mama wa nyumba ya wageni amefika kwako?"

"Mama gani?"

"Mwenye miwani. Alikuja jana, ulipokwenda kununua vitambaa. Kazi yote ile siiwezi peke yangu. Nikamwambia vyumba sita nitashona mimi, sita atashona dada yangu. Nikamwambia mkono wako ni mzuri kuliko wangu. Aanze kwako achague kitambaa, kisha aje kulipia kwangu."

Mama Pacha alishika ukingo wa meza.

"Alikuja," alisema. "Ameondoka."

"Atarudi?"

"Sijui."

Kwa siku mbili hakula vizuri. Usiku wa pili alimweleza mume wake yote. Mume hakutania safari hii, ila kidogo tu.

"Maji yakimwagika hayazoleki," alisema. "Lakini aliyeyamwaga anaweza kupiga deki. Nenda kaseme."

Ijumaa asubuhi Mama Pacha alivuka ujia. Alisema yote, akiwa amesimama. Kitinda akasimamisha cherehani.

"Wivu wako niliuona, dada. Uso wako haujui kuficha. Lakini uongo? Umeniita mwizi mbele ya mteja?"

"Nimekuita."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu wanakuja kwako. Kwa sababu mimi ndiye mkubwa. Na kwa sababu sijui hicho kitu kinafanyaje kazi, nikaona aibu kukuuliza."

Kitinda alifuta macho kwa kipande cha kitambaa. Akachukua mkoba.

"Twende kwa yule mama. Utasema mwenyewe."

Yule mama aliwapokea mezani kwake, penye funguo za vyumba. Hakuwaambia wakae.

"Mama, nilikudanganya," alisema Mama Pacha. "Mdogo wangu hajamwibia mtu. Niliona wivu. Ile simu hata sijui inavyofanya kazi."

Yule mama alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Basi nionyesheni," alisema. "Hata mimi sijui vizuri. Ndiyo maana niliogopa upesi."

Kitinda aliweka simu mezani. "Ndani ya simu hii kuna programu ya benki yangu. Benki yenyewe ilinielekeza pa kuichukua. Sikuipata kwa mtu nisiyemjua. Kwanza naandika kiasi. Soma mwenyewe, mama. Ni sawa?"

"Ni sawa. Hayo ndiyo malipo ya mwanzo."

"Sasa gusisha kadi mgongoni mwa simu. Ishike wewe. Mimi siigusi."

Ti!

"Malipo yakiwa makubwa, simu inaomba namba ya siri. Hii hapa imeomba. Bonyeza mwenyewe." Kitinda akageukia ukutani. "Dada, nawe geuka! Namba ya siri ya mteja haitazamwi wala haiulizwi."

Mama Pacha aligeuka haraka mpaka shingo ikalia ko! Yule mama akacheka kwa mara ya kwanza.

Kwenye simu likatokea neno: IMEKUBALIWA. Stakabadhi ikaingia kwenye simu ya yule mama.

"Subiri neno hilo kabla hujatoa mzigo," Kitinda alimwambia dada yake. "Mtu akikuonyesha ujumbe kwenye simu yake kwamba amelipa, usimwamini. Angalia simu yako."

"Na namba za kadi yake? Zinabaki kwako?"

"Hazibaki. Nawe usiziandike popote, wala usiipige kadi ya mtu picha. Akirudisha bidhaa, unamrudishia kwa programu ile ile, kwenye kadi ile ile."

"Na benki inakula nini?"

"Inakata asilimia ndogo kwa kila malipo. Na pesa haziingii papo hapo. Zangu huingia kesho yake, au siku ya pili. Kila benki ina masharti yake. Uliza kwanza, ndipo utie saini."

"Kitambaa ni kile kile cha majani makavu," alisema yule mama. "Sasa kaeni, tupange vipimo."

Waliporudi sokoni, Kitinda alisema, "Bado nimekasirika."

"Najua."

"Jumatatu twende benki."

Jumatatu wakaenda. Afisa wa benki aliomba kitambulisho, leseni ya biashara, namba ya mlipa kodi na namba ya akaunti. Kisha akaigeuza simu ya Mama Pacha huku na huku.

"Mama, simu hii ni ya zamani. Haiwezi kusoma kadi kwa kuguswa."

Mama Pacha alitupia jicho simu ya mdogo wake. Ule mwiba ukamchoma tena. Kumbe hata simu kanizidi!

"Usijali," afisa aliendelea. "Tuna kifaa kidogo cha kusomea kadi. Kinaunganishwa na simu yako hii hii. Ila ifunge simu kwa nywila. Na sisi benki hatukupigii kuuliza namba yako ya siri. Atakayekuuliza ni mwizi, hata kama anajua jina la baba yako."

Baada ya wiki tatu mapazia kumi na mawili yalikuwa madirishani. Yule mama alipita chumba hadi chumba, akayavuta, akayafunga, akaagiza na foronya. Mama Pacha naye alitarizi maneno mawili kwenye kitambaa cheupe, akakitundika mbele ya kibanda: TUNAPOKEA KADI. Wenye pesa taslimu waliendelea kuja. Wenye kadi hawakuvuka tena ujia kwa lazima. Siku moja mtandao ulikatika katikati ya malipo. Mteja alitaka kuondoka na pazia. "Subiri kidogo, mwanangu," Mama Pacha alimwambia. "Sijaona neno langu." Wakasubiri wote wawili mpaka neno likaja.

Jumamosi iliyofuata alipata wateja wanne wa kadi. Ng'ambo, mdogo wake alipata saba. Aliwahesabu? Ndiyo, aliwahesabu. Wivu haufi siku moja. Lakini alipomaliza kuhesabu alimwona Kitinda akihangaika na pazia refu, upande mmoja unataka kugusa sakafu. Mama Pacha akaweka sindano chini. Alivuka ujia, akashika ule upande wa pili, wakaanza kulikunja pamoja.