Wimbo Uliokataa Kutua

Jua lilikuwa linazama mwalimu wa kwaya alipofungua chumba cha kompyuta cha shule. Kazi yenyewe haikuwa ya kumtoa jasho. Mjane wa mpiga kinanda alimletea karatasi za wimbo wa mwisho wa marehemu, naye alikwisha kuunakili wote kwenye programu ya noti. Zilibaki namba za Kirumi tu, chini ya kila kundi la noti zinazolia pamoja, wanafunzi waone wimbo unavyotembea. Namba moja ni nyumbani, ndipo wimbo hutua. Namba tano ni mlangoni. Ukikomea hapo, sikio linabaki linasubiri.

Akaandika moja.

Nyuma ya ukuta, kinanda cha ukumbini kikalia. Moja.

"Mlinzi huyo," alijisemea. "Leo kajipa kazi ya pili."

Akaandika nne. Ikalia nne. Akaandika tano...

Ikalia tano, na mlinzi asingeweza kuona anachoandika. Akakosea makusudi, akaweka mbili pasipostahili. Kimya. Kisha kinanda kikapiga nne. Kikarudia. Kikarudia tena kwa nguvu, mpaka alipofuta na kusahihisha.

Hapo harufu ikaingia. Vanishi mbichi. Vanishi ya jeneza.

Aliukimbilia mlango. Kitasa kilizunguka vizuri tu, lakini mlango haukusogea, kama vile mtu ameuegemea kwa nje. Madirisha yalikuwa na nondo. Akampigia mjane, akinong'ona.

"Mama, kuna mtu anapiga kinanda huku ukumbini."

Mjane hakuuliza ni nani. "Anakusahihisha?"

"Ndiyo."

"Ni yeye. Tangu tumzike alikuwa anapiga hapa kwangu kila magharibi, na mlango haufunguki mpaka anyamaze. Nikasema karatasi zikiondoka, ataondoka nazo." Akaanza kulia. "Nisamehe, mwanangu. Nilichoka."

Simu ikakatika.

Hakuwa na la kufanya ila kuandika. Namba baada ya namba, kinanda kikimfuata, hadi kundi la mwisho. Tano. Marehemu alikata roho kabla ya kuandika linalofuata. Mwalimu akaongeza noti za nyumbani, akaweka moja chini yake.

Zikafutika mbele ya macho yake.

Akaweka tena. Zikafutika. Na sasa, upande wa pili wa mlango, kitu kikaanza kupumua...

Wimbo ni wake, mwalimu aliwaza. Hataki noti ya mtu mwingine.

Basi hakuongeza noti hata moja. Pale mwishoni alibadilisha ufunguo wa wimbo, ule unaoamua nyumbani ni wapi, noti zilezile zilizokuwa tano zikahesabika kuwa moja. Akaandika moja.

Kinanda kikalia mara moja, taratibu. Kikatulia.

Mlango ukafunguka wenyewe.

Alikuwa ameshafika barabarani, viatu mkononi, simu ilipoita. Mjane. Sauti yake ilisikika kwa mbali, kama mtu aliyejificha chini ya shuka.

"Mwalimu... umemwandikia nini?"

"Nimemfikisha nyumbani, mama. Wimbo umetua."

"Nyumbani kwa nani?"

Mwalimu akaibana simu sikioni. Nyuma ya pumzi za mjane alisikia ufunguo ukiingizwa kwenye kitasa, ukizungushwa polepole, na mlango ukisukumwa.

Hakuna aliyebisha hodi.