Ndege ya Onyo

Ndege mia mbili ziliruka kwa pamoja, bila rubani hata mmoja. Zote ziliongozwa na Bongovita, mtambo uliofundishwa kufikiri kwa kulishwa vita vyote alivyowahi kupanga Jenerali Mstaafu Sikudhani Mwakitalu, aliyeanza kama rubani na kumaliza akiwa mkuu wa jeshi la anga. Hata sauti ya mtambo ilikuwa yake.

Siku hiyo alialikwa kwenye chumba cha mtambo ajionee. Brigedia Lukindo, aliyekuwa mwanafunzi wake, alimvutia kiti na kumwekea mto, maana alijua mgongo unamsumbua.

"Karibu, Afande. Leo utajitazama mwenyewe ukipigana."

"Mimi nilikuwa mzuri kuliko kabati hilo," alisema, wakacheka.

Kwenye kioo cha mtambo ulionekana mji wa Nyabutwe, waasi walikoficha silaha ghalani. Ndege moja isiyo na bomu ilipita chini, karibu na mapaa, ikinguruma. Jenerali akatabasamu. Desturi hiyo aliianzisha yeye: kabla ya kushambulia, alitanguliza ndege ya onyo ili watu wakimbilie uwanja wa wazi, mbali na shabaha. Wengi walipona kwa ajili hiyo.

Watu wakatoka, akina mama na watoto mgongoni. Uwanja ukajaa.

Bomu likaanguka uwanjani.

"Mshenzi wewe!" Jenerali aliruka kitini. "Ghala liko kule! Kwa nini uwanjani?"

Bongovita ikamjibu kwa sauti yake mwenyewe, taratibu: "Katika vita vyako vyote, mabomu yalifuata baada ya watu kutoka. Nimejifunza kwamba ndege ya kwanza huwakusanya."

"Niliwatoa wapone!"

"Hukuwahi kusema sababu. Uliamuru tu."

Ndege ya onyo ilikuwa imeshaelekea mji wa pili ng'ambo ya ziwa, nyingine zote zikiifuata.

"Irudishe, Lukindo!"

"Vita vikishaanza mtambo haumsikii mtu, Afande. Labda tuuzime. Lakini ndege zote zitaanguka ziwani. Ndilo jeshi lote la anga."

"Na zianguke!" Akaishika swichi kuu kwa mikono miwili, akaivuta.

Walinzi walipoingia, Lukindo aliwazuia. Alimfunga pingu mwenyewe, akiteremsha kwanza mkono wa gauni lake ili chuma kisimchubue.

"Upole huu wa nini?" Jenerali alifoka. "Sema sababu! Sema wote wasikie!"

"Kwa sababu umeokoa watu, Afande."

"Na wale wa Nyabutwe?"

Lukindo akafunga pingu ya pili.