Bingwa wa Chumba cha Kufulia

—Mwenye jina hilo alishakufa. Hapa naitwa Mama Mashuka.

Alisema hivyo bila kuinua macho kwenye pasi. Dereva mpya wa gari la wagonjwa alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha kufulia, furushi la mashuka machafu mikononi.

—Swala, ni mimi. Miaka minne nilikimbia mbele yako mazoezini, nikikuvuta upate kasi. Hata kisogo changu umekisahau?

Pasi ikatulia.

Miaka kumi na saba nyuma, mwanamke huyu, aliyepewa jina la Swala kwa mbio zake, alikuwa bingwa wa mita mia nane. Picha zake zilibandikwa mpaka kwenye kuta za vinyozi. Kisha kano za goti zikakatika. Baada ya upasuaji akahama mji bila kumuaga mtu, hata dereva huyu, aliyekuwa mchumba wake.

—Nilikuja wodini na nguo zako, nikakuta kitanda kimetandikwa.

—Najua.

—Nikaenda kwa mama yako. Akaniambia umeolewa.

—Nilimtuma aseme hivyo.

Dereva akaliweka furushi chini, akalikalia.

—Kwa nini?

—Wewe ulimpenda Swala. Mimi nilikuwa nashuka ngazi kwa makalio. Watu walishaanza kunisahau, nikaona heri nikuache kabla hujaniacha.

—Nilimpenda msichana aliyekuwa akinuna akiamshwa alfajiri. Mbio zilikuwa kazi yako tu.

Mama Mashuka akacheka, kisha machozi yakamtoka. Akayafuta kwa ncha ya shuka la wodi.

—Ulioa?

—Nilioa, tukaachana. Alisema amechoka kuishi na mwanamume anayemngoja mwanamke mwingine. Alisema kweli.

Dereva akaitwa kwenye gari, akaondoka mbio.

Saa kumi jioni, ujumbe wake ukaingia kwenye simu ya Mama Mashuka: “Namba nimeiomba kwa matroni. Zamu imeisha, niko getini. Usipotaka, nitaelewa.”

Mama Mashuka akaandika: “Nenda tu. Nimeshazeeka.” Akausoma mara mbili, akaufuta. Miaka yote hiyo, kila alipokunja shuka kubwa peke yake, alimwazia mtu wa kushika ncha ya pili.

Akaandika upya: “Goti linauma leo. Njoo unishike mkono.”

Matroni aliwakuta koridoni wakitembea polepole, mkono kwa mkono.

—Haya, Mama Mashuka. Dereva wetu huyu ni nani kwako?

—Mchumba wangu —akasema—. Nilimchelewesha.